Kamati ya Uhakiki Yamhoji Marehemu

Mwaka huu nimetimiza miaka hamsini na tatu, na kwa miezi yake ya mwanzo niliamini kila kitu kilichoingia kwenye simu yangu. Niliamini video ya chui aliyembeba mtoto mchanga mdomoni, akavuka naye mto na kumkabidhi kwa mama yake. Niliituma kwa kila mtu niliyekuwa na namba yake, wakiwemo wateja wangu wa Nyakitonto na kundi la wazee wa msikitini, nikaandika chini yake, "Tujifunze kwa wanyama." Aliyenizindua ni Winnie, binti wa rafiki yangu Tharsisi. Alinipigia akaniambia kwa heshima zote, "Baba mdogo, huyo mtoto ana vidole saba kwenye mguu mmoja. Hiyo imetengenezwa na akili mnemba."

Nikaitazama tena. Vilikuwa saba. Nilivihesabu mara tatu nikitumaini vitapungua.

Sikuwa peke yangu katika ujinga huo. Mimi nina duka la vitenge hapa Kasulu mjini, na kwenye baraza la duka amekaa Mwanaheri na cherehani yake. Mteja akinunua kwangu anashonewa kwake. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya Tharsisi, seremala, na kila alasiri anavuka kuja kunywa chai ya tangawizi kwetu, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Tumejuana tangu tuna miaka ishirini na kidogo. Wote watatu simu zimetukuta tukiwa watu wazima, na zimetufanya tulivyo.

Tharsisi, kwa mfano, huzungumza na ile akili mnemba ya kwenye simu kama anazungumza na padre. Siku moja aliiuliza kipimo cha kona za kabati. Ilipomjibu, akashukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, akaiuliza na habari za nyumbani. Kipimo chenyewe kilikosewa na kabati likaegemea upande, lakini hakuilaumu. Alisema labda siku ile ilikuwa imechoka.

Mwanaheri naye, mjane wa miaka hamsini na moja, alishawishiwa na bintiye Firdausi acheze mtindo mmoja uliokuwa unatrendi, ule wa kuzunguka kiuno huku unashuka chini polepole. Alishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikomshinda. Tulimnyanyua mimi na Tharsisi, akakaa siku tatu amefungwa kanga kiunoni. Firdausi aliiposti ile video hivyo hivyo, na kilio chake. Ilitazamwa na watu arobaini na moja, na Mwanaheri alipowapitia mmoja mmoja aligundua thelathini na wanane ni ndugu zake.

"Na wengine watatu?" Tharsisi alimuuliza.

"Wawili ni nyie," Mwanaheri alisema. "Huyo wa tatu simjui."

Baada ya lile la chui, Mwanaheri aliunda alichokiita Kamati ya Uhakiki. Mwenyekiti yeye, mjumbe Tharsisi, na mimi mtuhumiwa. Kanuni ilikuwa moja, kwamba nisiamini wala kutuma chochote mpaka kamati ikikague kwa miwani. Nilikubali. Nilikuwa nimeshaanza kuona aibu kuingia msikitini.

Mwezi huo huo tulikwenda harusini, na huko nikapata angalau mtu wa kumcheka. Mjomba wa bwana harusi alisimama kutoa nasaha, akafungua simu, akasoma hotuba nzuri ajabu, Kiswahili kilichonyooka, mpaka kina mama wakaanza kufuta macho. Alipofika mwisho, kwa sauti ile ile ya upole, akasoma, "Je, ungependa niifupishe hotuba hii au niongeze ucheshi?" Mimi ndiye niliyecheka kwanza na ndiye niliyemaliza mwisho. Kwa wiki nzima nilikuwa nawaeleza wateja kwamba watu wa siku hizi hawawezi hata kusema ya moyoni mwao bila kuazima kichwa cha mwingine. Nilisema enzi zetu mtu alikuwa anakaa chini na kalamu, anatafuta neno mpaka analipata. Mwanaheri alikuwa anashona na kunisikiliza.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba ya Burundi nisiyoijua. Niliufungua palepale barazani, na sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Mwiriwe, Lukmani. Ni mimi Hatungimana. Yule wa kwenye tanuri, Kibondo. Kama ni wewe, nijibu."

Tharsisi aliweka kikombe chini. Mwanaheri alitoa mguu kwenye cherehani.

Inabidi nieleze Hatungimana alikuwa nani. Miaka ya tisini, baba yake Mwanaheri, mzee Abdalah, alikuwa na tanuri la mikate pale Kibondo, akipeleka mikate kwenye kambi za wakimbizi. Sisi vijana tulikuwa tunakanda na kuchoma, na Mwanaheri alikuwa anatusimamia kwa niaba ya baba yake. Hatungimana alikuwa mkimbizi kutoka kambi ya Mtendeli, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Tulikaa naye miaka mitatu, tukala naye sahani moja. Kisha wenzake walipoanza kurudi kwao, naye akarudi, na baadaye tukasikia yuko Msumbiji. Mwaka 2009 mtu mmoja aliyetokea mpakani Mabamba akatuletea habari kwamba Hatungimana wa Mtendeli amekufa, lori limepinduka huko huko Msumbiji.

Tulimlilia. Tharsisi alimwombea misa. Mwanaheri alipika, tukaita watu waliomjua. Mimi nilisimama nikatoa maneno. Nilisema alifia mikononi mwa Mungu akiwa na jina langu mdomoni, jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Lilikuja tu lenyewe nikiwa nimesimama, na liliwagusa sana watu.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini hakuna aliyefurahi kusikia ile sauti.

"Ni akili mnemba," nilisema. Nilikuwa mwanafunzi mzuri sasa. "Wanaiga sauti ya mtu, halafu wanakuomba kitu."

"Imeigwa kutoka wapi?" Tharsisi aliuliza. "Hatungimana alikufa kabla hata hatujawa na simu za picha. Nani alimrekodi?"

"Sauti imezeeka," Mwanaheri alisema taratibu. "Mtu wa kuiga angeiga ile ya ujana."

Kamati ikakubaliana tumpigie na tumhoji. Kila mmoja aandae swali ambalo jibu lake haliwezi kupatikana popote duniani ila kwa mtu aliyekuwepo pale tanurini. Nikapiga, nikaweka spika, simu nikailaza juu ya kitenge cha mteja.

Alipokea mara moja. "Lukmani," alisema.

"Subiri kwanza," nilimwambia. "Hapa kuna kamati. Umeipataje namba hii?"

"Mtoto wa mdogo wangu alinionyesha video. Mama mmoja ameshuka kucheza akashindwa kuinuka. Tulicheka sana. Halafu nikaona nyuma yake kibao cha duka, kina jina lako na namba, na yule mama akigeuka ni Mwanaheri."

Mwanaheri alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Mtazamaji wa arobaini na moja amepatikana.

"Hilo la video linajulikana," nilisema, nikijiona mwanasheria. "Tunaanza maswali. Mwenyekiti."

Mwanaheri aliisogelea simu. "Baba yangu alikuwa akituitaje asubuhi akifika?"

"Wavivu," sauti ilijibu. "Alikuwa anasema, wavivu wangu wameamka?"

Tulitazamana. Tharsisi alitikisa kichwa. "Kila mzee anawaita vijana wavivu. Hata mashine inaweza kubahatisha hilo. Ngoja mimi. Mlango wa chumba cha tanuri ulikuwa rangi gani?"

"Kijani."

"Ni bluu," Tharsisi alisema. "Huyu siye."

"Kijani kwa nini isiwe?" Mwanaheri alimwambia. "Baba alipaka kijani mwaka ule wa mvua nyingi."

"Hapakuwa na mlango," nilisema mimi. "Palikuwa na bati tu, tunaliegemeza na gogo."

Hapo tukagombana. Tharsisi alisema yeye ni seremala na milango yote aliyowahi kuiona anaikumbuka. Mwanaheri alisema lile lilikuwa tanuri la baba yake. Mimi nilishikilia bati langu. Tulifika mahali Tharsisi akachukua chaki ya kushonea na kuchora mlango sakafuni. Dakika kumi nzima zilipita kabla ya ile sauti kusema kwa unyenyekevu, "Samahani, wanakamati. Kama bado mnaendelea, niende nikafunge mbuzi nirudi?"

Mwanaheri alianza kucheka. "Sisi watatu hatuna jibu moja," alisema. "Tunamsahihishaje huyu?"

Nikaona kamati inataka kunifia mikononi. Nikaamua kutoa swali langu, ambalo nilikuwa na hakika nalo kama jina langu. Kwa karibu miaka thelathini nimekuwa nikisimulia kisa cha ile alfajiri ambayo mikate mia mbili ya kambi iliungua kwa sababu ya uzembe wa Tharsisi, na jinsi mzee Abdalah alivyomfukuza kazi kwa wiki mbili. Nimekisimulia harusini, msibani, hata mbele ya watoto wake. Nikauliza, "Nani aliunguza mikate mia mbili ya kambi?"

"Wewe," sauti ilisema bila kufikiri.

Nikaegemea nyuma kwa ushindi. "Mmesikia. Siye. Nakata simu."

"Usikate," Mwanaheri alisema.

Nikamtazama Tharsisi anisaidie. Alikuwa anakwangua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba, hanitazami.

"Fundi," nilimwita. "Si ulikuwa wewe?"

"Ulikuwa wewe, Lukmani," alisema. "Zamu ilikuwa yako. Mzee alipoingia, mimi nilikuwa karibu na mlango, akanishika mimi. Nikaona baba yako ni rafiki yake, ukifukuzwa utapigwa na nyumbani. Nikanyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja ukumbuke. Halafu ulivyoendelea kusimulia, ukawa unasimulia vizuri kuliko ilivyokuwa, nikaona nikuache."

Sijui kama nimewahi kujisikia mdogo kiasi kile mbele ya watu ninaokunywa nao chai. Nilitaka kubisha, lakini kichwani mwangu kitu kilikuwa kimeanza kurudi. Niliona moto, niliona karatasi, nikajiona mimi mwenyewe nimeinama. Na kabla sijaikata ile simu, Hatungimana, ambaye alikuwa anadhani ananisaidia, akaongeza.

"Msimlaumu sana. Alikuwa ananakili ile barua. Nilimwandikia mimi, akasema lazima iwe kwa mkono wake mwenyewe, akaketi mbele ya tanuri apate mwanga. Mikate ikaungua."

"Barua gani?" Tharsisi aliuliza.

Nilinyoosha mkono kuikata simu. Mwanaheri aliwahi kuufunika mkono wangu kwa wake, ule wenye pete ya kushonea.

"Barua yangu," alisema.

Ni kweli. Mwaka ule nilikuwa nampenda Mwanaheri kwa namna ambayo nilishindwa kula. Nilikaa na kalamu siku nne, sikupata hata neno moja. Hatungimana alinionea huruma akaniandikia ukurasa mzima, nikaunakili, nikamwekea Mwanaheri chini ya gunia la unga. Hakujibu. Mwaka uliofuata aliolewa na marehemu Haidari, na miaka miwili baadaye mimi nikamwoa Zena, na Mungu alinipa mke mwema kuliko ninavyostahili. Lile jambo nililizika. Sikumwambia hata Zena.

"Nilijua siyo yako," Mwanaheri alisema. Alikuwa anajizuia, mabega yanamcheza. "Kwanza ilikuwa na Kirundi ndani. Moyo ukawa umutima, umutima wangu hivi, umutima wangu vile. Wewe mtoto wa Mswahili wa Ujiji, ulikuwa hujui hata kuomba maji kwa Kiha, sembuse Kirundi. Lakini kilichonijulisha hasa ni mstari wa kwanza."

"Mstari wa kwanza ulikuwaje?" Tharsisi aliuliza.

Mwanaheri alivuta pumzi. "Uliandikwa, 'Mpendwa, hapa weka jina lake.'"

Kutoka Burundi kikaja kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, kile kinachoanza kama kikohozi halafu kinapanda juu kama mtu anayepandishwa mlima kwa nguvu. Hapakuwa na haja ya swali la nne. Hakuna mashine inayocheka vibaya kiasi kile. Tharsisi aliinuka akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi, machozi yanamtiririka na vumbi la mbao likigeuka uji mashavuni. Mteja aliyekuja kuchukua gauni alituangalia, akasema atarudi kesho.

Nilinakili kila kitu. Hatungimana aliniachia nafasi niijaze, na mimi, kwa uangalifu mkubwa na mwandiko wa kujikaza, nilinakili hata maelekezo. Yule mjomba wa harusini, niliyemcheka wiki nzima, alikuwa ndugu yangu kabisa.

"Ungejaza jina tu," Mwanaheri alisema alipotulia, "ningekujibu. Sisemi ningekubali. Ningekujibu."

Tharsisi alirudi akaiinamia simu, akaanza kuongea Kirundi kwa haraka, lugha ya wazazi wake, na nilichokielewa ni jina la Hatungimana tu, akilirudia na kulirudia. Sauti ya upande wa pili ikawa ndogo. Mwishoni akasema kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie, "Niliambiwa mlinililia. Mlinipikia na chakula."

"Wali na nyama," Mwanaheri alisema. "Watu walishiba."

Tulikubaliana tukutane Jumamosi Kibondo, kwa kuwa yeye angevukia Mabamba. Tulikodi gari dogo, Mwanaheri akakaa mbele kwa ajili ya kiuno. Tulipopita Busunzu, watu walikuwa wameanika muhogo pembeni mwa lami, mweupe, na Tharsisi akasema anaogopa. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema, "Kwamba tutafika na tusimpende."

Kwenye mgahawa karibu na stendi hatukumwona. Picha aliyotutumia ilikuwa ya mtu mwenye nywele nyeusi na ngozi laini kama ya kijana wa kwaya, na tulikuwa tunamtafuta huyo. Mzee mmoja mwenye upara na koti kubwa aliinuka kwenye benchi la nyuma, akamtazama Mwanaheri, akasema, "Kiuno kimepona?"

Tulipomaliza kushikana, mimi wa kwanza kulia na wa mwisho kunyamaza, nilimuuliza kuhusu picha. Alisema ni yule mtoto wa mdogo wake aliyemwekea filta, na alipojiona hivyo alishindwa kuitoa. "Nimeishi vibaya," alisema. "Nikaona angalau kwenye simu niwe nimeishi vizuri."

Tuliagiza ugali wa muhogo na samaki. Tharsisi ndiye aliyeuliza lile tulilokuwa tunalizunguka wote, kwa nini hakutuma hata neno miaka yote ile. Hatungimana alikula kidogo kwanza. Alisema aliyekufa kwenye lori alikuwa Hatungimana mwingine, kijana wa kambi ile ile, na habari za kwamba yeye ndiye amekufa zilimfikia Msumbiji mwaka mmoja baadaye. Wakati huo alikuwa anabeba mizigo sokoni, mke amemwacha, amelala nje mara nyingi.

"Nilisikia Lukmani alisimama akanisifia," alisema. "Mtu aliyenisimulia alikumbuka maneno yote. Nikajilinganisha na yule mtu aliyesifiwa, nikaona yule ni bora. Nikasema nimwache yeye aendelee kuwa ndiye mimi. Kila mwaka nilisema nitawaandikia nikishakuwa na la kueleza."

Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nimesema uongo siku ile kwa kupenda makofi, nami kwa uongo ule nikamfungia rafiki yangu nje ya mlango miaka kumi na sita. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na lile la jina langu mdomoni, kwamba nililibuni.

"Lile ndilo lililonichekesha," alisema. "Nikasema, huyu mtu, hata kwenye kifo changu amejitafutia nafasi." Akanisogezea kipande kikubwa cha samaki, kama alivyokuwa akinisogezea zamani. "Na mimi nilikuandikia barua ukakosa mke. Tumelipana."

"Zena atakushukuru," Mwanaheri alisema.

Zena nilimwambia yote jioni ile, pamoja na barua. Akauliza kama na posa yake niliandikiwa. Nikamwapia kwamba ile niliandika mwenyewe. Akasema, "Nilijua. Ilikuwa na makosa mengi."

Hatungimana yuko kwao sasa, ana mbuzi kumi na moja na kashamba ka kahawa, na ameshakuja Kasulu mara mbili. Tumemwingiza kwenye kundi letu la simu. Ukweli ni kwamba kwenye simu anachosha. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anatuma picha ya waridi lenye umande na maneno ya kututakia siku njema, halafu mbuzi mmoja mmoja, na jina la kila mbuzi. Wiki iliyopita Tharsisi aliuliza kwa sauti ya chini kama kamati inaweza kumtoa kwenye kundi kwa siku mbili tu tupumue. Mwanaheri alisema mtu tuliyemzika mara moja hatuwezi kumtoa tena, ashike simu yake amjibu. Tharsisi akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kwamba yule mbuzi wa tatu amenenepa.